Mtoto Aujue Mwezi kwa Macho Yake: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Elimu na Sayansi

Kwa wasimamizi wa elimu, wakuza mitaala, wakuu wa vyuo vya ualimu, viongozi wa taasisi za utafiti, na wote mnaoidhinisha bajeti za kazi hizo.

YAH: ASTRONOMIA SHULENI NA KWA UMMA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Kwa miaka mingi nimejitolea kubeba darubini kwenda kwenye viwanja vya shule na mahali pa wazi ambapo watu hukusanyika, ili kila atakaye aweke jicho kwenye lenzi na kuona milima ya mwezini au pete za Zohali. Siandiki kuomba darubini. Naandika kuomba jambo ambalo ni rahisi kwa fedha na gumu kwa taratibu zetu: kwamba kila mwanafunzi, kabla hajamaliza elimu ya msingi, apate mwezi mmoja mzima wa kuutazama mwezi wa angani, siku hadi siku, akiandika anachokiona katika daftari lake, akiongozwa na mwalimu ambaye naye amekwisha kuifanya kazi hiyohiyo. Lugha yetu imekwisha kutupa dokezo, kwa kuwa neno moja linataja kipindi na tena linataja kile kinachokipima. Mengine nitakayoyasema hapa yanatoka kwenye ombi hilo au yanarudi kwake.

Nianze na kabati. Katika shule moja niliyoalikwa kuonesha anga, mwalimu aliyenipokea aliniambia kwa aibu kidogo kwamba shule ilikuwa na darubini yake. Tulimtafuta mwenye ufunguo, tukafungua kabati la stoo, na humo tukakuta chombo kizuri kuliko changu, kikiwa bado kimefunikwa nailoni ya kiwandani, na lenzi zake za macho zikiwa ndani ya kijisanduku ambacho hakijawahi kufunguliwa. Chombo hicho kilipokelewa kwa hotuba na picha. Hakuna aliyefundishwa namna ya kukifunga kwenye miguu yake, wala namna ya kulinganisha kile kidarubini kidogo cha kulengea kilicho ubavuni, wala namna ya kuitafuta hata sayari angavu kuliko zote. Mwalimu yule hakuwa mvivu. Jina lake liliandikwa kwenye leja ya mali ya shule, na alijua kwamba kikivunjika atalipa yeye, ilhali kikikaa kabatini hakuna atakayemuuliza. Mimi ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Lawama iko kwenye mpango ulionunua kioo ukamsahau mtu.

Sasa nije kwenye swali ambalo huwauliza watu kila niendako, wakubwa kwa wadogo, wakati wakisubiri zamu yao kwenye mstari: kwa nini mwezi hubadilika sura, leo ukawa mwembamba kama ukucha na baada ya wiki mbili ukawa mpevu? Jibu ninalolipata mara nyingi kuliko mengine ni kwamba kivuli cha dunia huufunika. Ni jibu la mtu anayefikiri, na si sahihi. Mwezi huangazwa na jua upande mmoja wakati wote, na kinachobadilika ni sehemu ya upande huo tunayoweza kuiona kutoka hapa tulipo, kadiri mwezi unavyotuzunguka. Kivuli cha dunia huufikia tu wakati wa kupatwa kwa mwezi, jambo lisilotokea kila mwezi mpevu kwa sababu njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya dunia kulizunguka jua. Wala tusidhani kosa hili ni la waliokosa elimu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, watu 23 waliochaguliwa bila mpangilio, wakiwamo wahitimu, wahadhiri na waliosoma hapo zamani, waliulizwa ama sababu ya majira ya mwaka ama sababu ya sura za mwezi, na 21 kati yao wakatoa maelezo yenye makosa. Hawa ni watu waliofaulu kila mtihani waliopewa.

Kuhusu majira, kosa la kawaida ni kusema kwamba joto huja dunia inapolikaribia jua. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, ikiwa umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Na Januari hiyohiyo nusu ya kaskazini ya dunia huwa katika baridi. Sababu ya kweli ni kwamba mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.5 hivi, hata nusu moja ikapokea miale ya jua iliyosimama zaidi na mchana mrefu zaidi, huku nusu ya pili ikipokea miale iliyolala na mchana mfupi. Nimewahi kujiuliza kosa hili linatoka wapi, na nadhani linatoka kwenye vitabu vyetu wenyewe. Njia ya dunia huchorwa kana kwamba inatazamwa kwa ubavu, ikaonekana ndefu kama yai, wakati kwa hakika inakaribia kabisa kuwa duara. Mwanafunzi mzembe hauangalii mchoro huo. Anayepotoka ni yule makini, aliyeusoma kwa uangalifu na kuamini kwamba kila mstari umechorwa kwa sababu.

Makosa ya namna hii hayaondolewi kwa kumsomea mtoto aya iliyo sahihi. Aya anaiandika kwenye mtihani, na imani yake ya zamani anabaki nayo mfukoni. Yanaondolewa mtoto anapokutana na jambo ambalo imani yake haiwezi kulieleza, na mwezi ni hodari sana kwa kazi hiyo. Mtoe mwanafunzi nje alasiri moja, wakati nusu ya mwezi iko juu upande wa mashariki na jua linawaka upande wa magharibi, vyote viwili vikionekana kwa pamoja katika anga moja la buluu. Mwambie aoneshe kwa mkono wake kivuli cha dunia kilipo. Atanyoosha mkono, atasita, atageuka kuliangalia jua, kisha ataushusha mkono. Nimeona kusita huko mara nyingi, na sijawahi kuona somo lolote la ubaoni lililofanya kazi kubwa kiasi hicho kwa dakika moja. Baada ya hapo mpe mpira mdogo autungike kwenye kijiti, awashe taa moja katika chumba chenye giza, auzungushe mpira kwa kujizungusha yeye mwenyewe, na sura zote za mwezi zitapita mbele ya macho yake kwa mpangilio uleule alioandika daftarini.

Daftari hilo ndilo kiini cha ombi langu, kwa hiyo nieleze lina nini. Kila siku ambayo anga ni wazi, mwanafunzi anaandika tarehe na saa, anachora umbo la mwezi, anaonesha upo upande gani wa anga na juu ya kitu gani kinachojulikana, na anapima kwa ngumi umbali wake kutoka kwenye upeo wa macho, kwani ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika nyuzi 10 hivi. Baada ya siku chache atagundua kwamba kila siku mwezi umesogea kuelekea mashariki kwa ngumi moja na ushei ukilinganisha na nyota, na kwamba huchelewa kuchomoza, kwa wastani wa dakika 50 hivi kila siku. Mwisho wa kazi atakuwa amepata mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba mzunguko wa sura za mwezi huchukua siku 29 na nusu. Siku za mawingu nazo zina faida, maana hapo ndipo anapolazimika kutabiri: jana mwezi ulikuwa pale, juzi ulikuwa kule, leo ungekuwa wapi? Utabiri ukitimia siku ya tatu mawingu yanapoondoka, mtoto huyo ameonja sayansi yenyewe, na hakuna aliyemnunulia chochote zaidi ya kalamu.

Ndivyo alivyofanya hata yule tunayempamba mabango yetu kwa picha yake. Tarehe 7 Januari 1610, Galileo aliona nukta ndogo za mwanga kando ya Mshtarii, akadhani ni nyota za kawaida. Angekuwa ameletewa darubini kwa usiku mmoja, kama tunavyowapelekea wanafunzi wetu, angerudi nyumbani na kosa hilo. Lakini alirudi kuangalia usiku uliofuata, na uliofuata, akichora nukta hizo zinavyohama, hadi tarehe 13 akawa ameona zote nne, akatambua kwamba zinaizunguka sayari hiyo. Chombo chake kilikuwa duni kuliko darubini nyingi za watoto zinazouzwa leo. Kilichomsaidia ni kurudi.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia kwenye ofisi zenu ni kwamba shule ni za mchana na astronomia ni ya usiku. Nimekwisha kuonesha kwamba si kweli kwa mwezi: ukiwa katika robo ya kwanza huonekana alasiri, ukiwa katika robo ya mwisho huonekana asubuhi, na siku nyingi za katikati huonekana saa za masomo kabisa, ila hatuna mazoea ya kuinua macho. Jua nalo ni nyota, na ndiyo pekee tunayoweza kuichunguza wakati wa vipindi. Kijiti kilichosimamishwa wima kwenye uwanja hutoa kivuli ambacho, kikipimwa kila baada ya nusu saa, huonesha kaskazini na kusini halisi, adhuhuri ya kweli ya mahali hapo, na namna njia ya jua inavyohama mwaka unavyosonga. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki aliyeishi Misri, alipata ukubwa wa dunia kwa kivuli kama hicho: adhuhuri ya siku moja jua lilikuwa utosini mjini Syene, kusini mwa Misri, na siku hiyohiyo kule Alexandria, kaskazini, lilitoa kivuli cha pembe ya nyuzi 7 hivi, yaani sehemu moja ya 50 ya duara zima, hivyo mzingo wa dunia ni mara 50 ya umbali kati ya miji hiyo. Shule mbili zilizoko kusini na kaskazini mwa nyingine, zikiwa umbali wa kilomita mia kadhaa, zinaweza kuurudia upimaji huo kwa simu moja na kanda ya kupimia. Wanafunzi wakikosea kwa asilimia 10 watakuwa wamejifunza mengi kuhusu vipimo, pengine kuliko wakipata jibu la kitabuni.

Kuna na zoezi la umbali, ambalo nalipenda kuliko darubini yangu. Chora duara la kipenyo cha mita 1 liwe jua. Kwa kipimo hicho dunia ni punje ya milimita 9, na unatakiwa kuipeleka mita 107 kutoka kwenye jua, mara nyingi hadi ukingoni mwa uwanja wa shule. Mwezi ni chembe ya milimita 2.5, sentimita 28 kutoka kwenye dunia. Mshtarii ni mpira wa sentimita 10, lakini upo nusu kilomita na zaidi kutoka kwenye jua, na Neptune iko kilomita 3 na ushei, hivyo somo linaishia barabarani. Wanafunzi wanapouliza nyota iliyo jirani na jua iwekwe wapi, jibu ni kilomita 29,000 hivi, yaani mbali kuliko upana wa dunia yenyewe mara mbili. Linganisheni hayo na mchoro wa ukutani unaopanga sayari zote bega kwa bega kama wachezaji wanaopigwa picha.

Michoro hiyo mingi bado ina sayari tisa. Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari tarehe 24 Agosti 2006 kwa kura ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mjini Prague. Sisemi hivyo kuwacheka walimu. Nasema kwa sababu kuondolewa kwa Pluto ni somo zuri kuliko orodha yoyote, kwani kunamwonesha mtoto kwamba wanasayansi hubadili msimamo ushahidi unapoongezeka. Na jina la Pluto lenyewe lilipendekezwa mwaka 1930 na Venetia Burney, msichana wa miaka 11 wa Oxford. Mabango yaliyopitwa na wakati yasitupwe. Yabandikwe kando ya mapya.

Hata hivyo, hakuna kati ya haya litakalofanyika bila mwalimu, na hapo ndipo nawaomba mtumie sehemu kubwa ya fedha. Astronomia imepata bahati mbaya ya kuangukia katikati: mwalimu wa jiografia huifundisha kidogo kwa sababu ya majira, mwalimu wa fizikia huigusa akifika kwenye nguvu ya uvutano, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ndiye anayeibeba. Wengi wao walisoma mada hiyo vitabuni tu, kutoka kwa wakufunzi ambao nao waliisoma vitabuni tu. Naomba vyuo vya ualimu viweke daftari la mwezi kuwa kazi ya lazima kwa kila mwanachuo wa sayansi na jiografia, litunzwe kwa siku zisizopungua 29, lisahihishwe, na lihesabiwe kwenye alama. Walimu waliokwisha kuajiriwa wapewe mafunzo kazini yanayogawanywa katika sehemu mbili zilizoachana kwa mwezi mmoja, ili katikati yake waende wakatazame, warudi na maswali yao. Semina ya siku moja yenye vitabu vya kugawa na chakula cha mchana haiwezi kuleta matokeo hayo, hata mkiirudia kila mwaka. Na mwalimu aliyepewa darubini apewe pamoja nayo barua inayosema kwamba chombo kikiharibika katika matumizi ya kawaida hatadaiwa.

Mwalimu aliyezoea kutazama huona mengine pia. Mwaka 2007 ulianzishwa mradi uliowaalika watu wa kawaida kupanga picha za galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, kwa maumbo yao kupitia intaneti, na mwaka huohuo Hanny van Arkel, mwalimu wa shule nchini Uholanzi, akauliza doa la ajabu aliloliona kwenye picha mojawapo ni nini. Lilikuwa wingu kubwa la gesi inayong'aa ambalo hakuna aliyelitilia maanani kabla yake, na wataalamu wakageuza darubini zao kulichunguza.

Mtihani nao ubadilike, maana mtihani ndio mtaala halisi. Kilichoandikwa kwenye muhtasari ni maombi tu. Kama swali litaendelea kuwa "taja sayari kwa mpangilio kutoka kwenye jua", darasani patakuwa na wimbo wa sayari na hapatakuwa na kitu kingine. Ulizeni badala yake: mtu ameona nusu ya mwezi juu kabisa utosini wakati jua linazama, je, baada ya wiki moja atauona mwezi saa ngapi na upande gani? Swali kama hilo haliwezi kukaririwa, na mwalimu yeyote akiliona mara mbili kwenye karatasi za miaka iliyopita atawatoa wanafunzi wake nje.

Neno moja kuhusu lugha. Kwenye masikio ya watu wengi "mnajimu" ni mpiga ramli, na nimewahi kuombwa, nikiwa nimesimama kando ya darubini, niseme bahati ya mtu kwa nyota yake. Sikukasirika, lakini nilijifunza kwamba mabango yetu yatumie "astronomia" au "falaki" kwa uthabiti, na kwamba hatua ya kwanza ya hotuba yoyote kwa umma ni kutenganisha elimu inayopima na ubashiri usiopimika. Majina Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali yapo na yanapendeza, yatumike.

Nikigeukia umma, tukio linalotupima kuliko mengine ni kupatwa kwa jua. Katika shule moja, ambayo pia sitaitaja, siku ya kupatwa kwa sehemu wanafunzi walifungiwa madarasani, mapazia yakashushwa, hadi jua liliporejea katika hali yake. Naelewa hofu ya mkuu wa shule ile, maana ni ya haki kwa nusu: retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina hisia ya maumivu, hivyo mtoto anaweza kuunguza jicho bila kujua. Lakini dawa yake inajulikana. Miwani maalumu iliyotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2 ni salama ikiwa haina mikwaruzo. Miwani ya kawaida ya jua, vioo vilivyopakwa masizi na filamu za picha za hospitali si salama. Na kutazama jua kwa darubini isiyo na kichujio mbele yake ni hatari hata kwa nukta moja ya muda. Asiye na miwani ageuzie jua mgongo, atoboe tundu dogo kwenye kadibodi, aone taswira ya jua lililomegwa ikidondoka kwenye karatasi, au asimame chini ya mti na kuona vijipande vya mwanga vinavyopita kati ya majani vikigeuka kuwa mamia ya hilali ardhini. Hakuna jicho linalodhurika kwa kutazama ardhi.

Tarehe za matukio haya hazitushtukizi, kwani zinajulikana miaka mingi kabla. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu katika ukanda utakaoanzia Atlantiki, kupita kusini mwa Hispania na kaskazini mwa Afrika, kisha Saudi Arabia, Yemen na Somalia, na karibu na Luxor nchini Misri giza litadumu zaidi ya dakika 6. Nje ya ukanda huo, maeneo mapana ya Afrika, Ulaya na Asia yataona jua likimegwa kwa sehemu. Tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi Apophis, jiwe lenye upana wa mita 340 hivi, itapita umbali wa kilomita 32,000 hivi kutoka kwenye uso wa dunia, karibu zaidi kuliko setilaiti za mawasiliano zilizo kwenye kilomita 36,000, na itaonekana kwa macho matupu kutoka sehemu nyingi za Ulaya, Afrika na magharibi mwa Asia. Haitatugonga, vipimo vimekwisha kuthibitisha hilo. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka huo kuwa wa kimataifa wa uelewa kuhusu asteroidi na ulinzi wa sayari. Nina hakika pia kwamba wazushi watakuwa na mwaka wao. Mtoto atakayekuja shuleni na uvumi atamuuliza mwalimu wake kwanza, na mwalimu huyo anatakiwa awe ameandaliwa sasa. Kumtumia waraka wiki moja kabla kutakuwa kuchelewa.

Kwa upande wa taasisi za utafiti na vyuo vikuu, nina malalamiko moja. Ripoti zenu za kufikia umma huhesabu vichwa: watu elfu kadhaa walihudhuria, mabasi kadhaa ya wanafunzi yaliletwa kwenye planetaria, yale majumba yanayoonesha taswira ya anga la usiku kwenye dari. Napenda planetaria, na tangu ile ya kwanza ya kisasa ilipooneshwa Munich mwaka 1923 hakuna chombo kilichowapa watu wa mijini anga zuri kama hilo. Lakini kutembelea mara moja ni tamasha. Hesabuni shule mlizozirudia mara ya pili na ya tatu, na madaftari yaliyojazwa kati ya ziara na ziara. Na mtafiti mchanga anayetumia jioni zake kufundisha walimu apate kuhesabiwa kazi hiyo anapoomba kupandishwa cheo. Kwa sasa wengi wanaifanya kwa kujificha, kama kosa. Msaada upo pia nje ya mipaka: Umoja wa Kimataifa wa Astronomia una ofisi ya umma mjini Tokyo, ya maendeleo mjini Cape Town na ya elimu mjini Heidelberg, nayo hiyo ya mwisho ina waratibu wa kitaifa katika nchi nyingi. Mwaka 2009, Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, zaidi ya nchi 140 zilishiriki. Baadhi ya darubini zilizogawiwa mwaka ule nashuku ziko kabatini.

Mikutano ya usiku inapokuwa ya lazima, tusisahau wanaobaki nyumbani. Msichana ambaye wazazi wake hawawezi kumruhusu kurudi gizani hakukosa hamu; amekosa mpango wa kumrudisha salama, na mpango huo ni wa mwandaaji. Mwanafunzi asiyeona naye ana nafasi katika somo hili. Mwanaastronomia Wanda Díaz-Merced wa Puerto Rico, aliyepoteza uwezo wa kuona, huchunguza data za anga kwa kuzigeuza kuwa sauti, na mwezi wa udongo wenye mashimo na milima unaweza kufinyangwa na darasa lolote.

Anga lenyewe nalo linatuponyoka. Utafiti uliochapishwa Januari 2023, uliotumia ripoti zaidi ya 51,000 za watu wa kawaida waliohesabu nyota kutoka walipo kati ya 2011 na 2022, ulionesha kwamba mng'ao wa anga la usiku uliongezeka kwa wastani wa karibu asilimia 10 kila mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250 ataona 100 tu akifikisha miaka 18. Mnaojenga shule, zifunikeni taa za nje kwa juu ili mwanga uende chini unakohitajika. Itapunguza hata gharama ya umeme.

Huenda mlitarajia niseme kwamba astronomia huleta teknolojia na ajira. Ni kweli kwamba aina ya vihisi vilivyomo kwenye kamera za simu zetu ilikuzwa miaka ya 1990 katika maabara ya safari za anga. Lakini hoja hiyo siipendi sana, maana inamfanya mtoto aliyeduwaa mbele ya Zohali aonekane kama mtaji ambao bado haujalipa.

Nafahamu kwamba barua kama hii hupitia mafaili mengi kabla ya kujibiwa, nami sina haraka. Naomba tu kwamba kabla ya kuijadili, kila mmoja wenu aanze siku mwezi unapoandama, atoke nje muda mfupi baada ya jua kuzama, na kwa jioni saba mfululizo achore umbo la mwezi na mahali ulipo. Nakala za kurasa hizo, hata zikiwa na michoro mibaya na siku mbili za mawingu, naomba ziambatishwe kwenye majibu yenu.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa kujitolea wa astronomia